Kimya cha Mjumbe

Katika mikutano mikubwa ambamo mataifa huketi pamoja kutengeneza mambo ya uchumi na maisha ya watu, iko kanuni moja fupi ambayo wananchi wengi hawajapata kuisikia, nayo ina nguvu kushinda hotuba nyingi zisomwazo humo. Kanuni hiyo yasema kwamba shauri likiletwa mbele ya mkutano, na asitokee mjumbe hata mmoja wa kulipinga waziwazi, shauri hilo limekubaliwa na wote. Hapahesabiwi mikono wala hapapigwi kura. Mwenyekiti hulitaja shauri, hutupa macho huku na huko, na asipoona kibao cha jina la nchi kilichoinuliwa, hugonga meza kwa nyundo ndogo ya mti. Tangu dakika ile mataifa yote yamefungwa na neno lile, yaliyosema na yaliyonyamaza.

Nataka wewe msomaji uipime kanuni hii pamoja nami, maana chini yake limelala swali ambalo ni la kale kuliko mikutano hiyo yote: je, anyamazaye amekubali?

Tushike mfano mmoja ili tusipotee katika maneno matupu. Shirika la Biashara Duniani lilianza kazi tarehe 1 Januari 1995, na makao yake yako Geneva, katika nchi ya Uswisi. Tangu mwaka 2024 lina wanachama 166. Mkutano wa mawaziri ndio wenye mamlaka ya juu katika shirika hilo, na mapatano yaliyoliunda, yaliyotiwa sahihi Marrakesh, Moroko, mwezi Aprili 1994, yanataka mawaziri wakutane angalau mara moja katika kila miaka miwili. Humo huamuliwa mambo ambayo kwa sura ni ya wafanyabiashara, lakini kwa kweli huingia katika kila nyumba: ushuru wa forodha juu ya nafaka na sukari, haki za wenye kuvumbua dawa, na ruzuku ambazo serikali huwapa wakulima na wavuvi wake. Kanuni niliyoitaja imeandikwa katika kifungu cha 9 cha mapatano hayo. Tena ina neno moja la kuangaliwa sana: apingaye hana budi kuwa amehudhuria mkutano wakati uamuzi unapokatwa. Asiyekuwamo chumbani pingamizi lake si kitu. Kwa hiyo kanuni haimhesabu aliyenyamaza peke yake kuwa amekubali. Humhesabu hata asiyekuwapo.

Tusiihukumu upesi. Ukiitazama kwa upande mmoja ni kanuni ya heshima, na yafanana na baraza la wazee wa kwetu, waliokaa chini ya mti wakazungumza hata pasibaki mwenye kinyongo. Kura huacha walioshinda na walioshindwa. Mkutano wa mataifa 166 ukipiga kura, 84 waweza kuwaburuta 82, na walioburutwa hawatakuwa na moyo wa kutimiza waliyoamriwa. Kwa kanuni hii, nchi ndogo kabisa ina uwezo uleule wa nchi kubwa kabisa: neno moja tu la kukataa latosha kulizuia jambo zima. Na uwezo huo si wa karatasini tu. Mawaziri walipokutana Bali, Indonesia, mwezi Desemba 2013, Cuba pamoja na Bolivia, Nicaragua na Venezuela walikataa katika saa za mwisho kuyapokea mapatano ya kurahisisha upitishaji wa bidhaa mipakani, kwa sababu hayakugusa vikwazo vya biashara ambavyo Marekani imeiwekea Cuba. Mkutano ukakesha. Yakaongezwa katika tamko maneno ya kuthibitisha kwamba kanuni ya kutobagua bidhaa zinazopita katika nchi bado yasimama, ndipo nyundo ikagongwa.

Hapo mtu atauliza: kama mlango wa kukataa uko wazi kwa kila nchi, basi manung'uniko ni ya nini? Aliyenyamaza amenyamaza kwa hiari yake. Asije akalia baadaye.

Huyo asemaye hivyo hajatofautisha kiti na mwenye kukikalia. Viti ni sawa. Kila nchi ina kibao chake cha jina, na vibao vyote ni vya kimo kimoja. Walakini tazama ni nani wameketi nyuma ya vibao hivyo. Taifa tajiri huleta ujumbe wa watu wengi: mabingwa wa sheria, mabingwa wa uchumi, huyu amesomea pamba, huyu samaki, huyu dawa, na wengine ambao kazi yao ni kukimbia kutoka chumba hiki hadi kile wakipeleka habari. Taifa maskini huleta waziri, balozi, na maofisa wachache waliochoka kwa safari. Na mazungumzo hayafanyiki katika chumba kimoja. Hufanyika katika vyumba vingi kwa saa moja, na usiku wa mwisho hufanyika hata katika varanda. Zaidi ya hayo, mkutano wa mawaziri ni kilele tu cha kazi ifanyikayo Geneva mwaka mzima, na ziko nchi wanachama ambazo hazina ofisi kabisa katika mji huo. Shirika lenyewe lajua jambo hili, na mara kwa mara huandaa juma maalumu ili wajumbe wa nchi hizo waje waelezwe yaliyopita. Ni hisani njema, lakini mtu aelezwaye yaliyopita hakuwapo yalipokuwa yakipita.

Basi fikiri. Mjumbe wetu yumo katika chumba cha samaki. Katika chumba cha tatu kutoka hapo panaulizwa juu ya pamba: "Yupo mwenye kupinga?" Hayupo. Nyundo yagonga.

Ninyi mlio darasani mnalijua jambo hili pengine kuliko mabalozi. Mwalimu amemaliza kueleza hesabu ubaoni, akageuka akauliza, "Mmeelewa?" Darasa lote kimya. Kimya hicho ni kimoja kwa masikio, bali kwa kweli ni vimya vingi. Wa kwanza amenyamaza kwa sababu ameelewa. Wa pili hakuelewa, na amepotea mno hata hajui aanze kuuliza wapi. Wa tatu ana swali lake tayari, ila anachelea kuchekwa. Wa nne mawazo yake yako kwenye chakula cha mchana. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu tulionywa mapema kwamba "Mmeelewa?" si swali, ni njia ya mwalimu kujipa ruhusa ya kuendelea. Mwalimu atakaye kujua kweli humwita mwanafunzi ubaoni aifanye hesabu mwenyewe mbele ya macho yake. Nyundo ya mwenyekiti haina nafasi ya kufanya hivyo. Ndiyo maana inafanana sana na mwalimu mwenye haraka.

Je, yafaa basi tuseme kwamba kimya hakiwezi kamwe kuwa ridhaa? La. Hilo nalo lingekuwa kosa, na desturi zetu wenyewe zinatukanya. Katika pwani yetu, kwa sheria ya Waislamu, mwari akitakwa idhini ya ndoa akanyamaza, kimya chake huhesabiwa kuwa ni idhini, kwa kuwa haya humzuia kutamka. Wako wanaoichukua habari hii kuwa ni dalili ya kumnyima mwanamke kauli. Lakini angalia jinsi ilivyo. Kwanza, ni lazima aulizwe. Kimya cha asiyeulizwa si kitu. Pili, sababu ya kunyamaza kwake yajulikana na wote, nayo ni haya, si hofu wala kutojua. Tena sheria hiyohiyo yasema kwamba mwanamke aliyekwisha kuolewa zamani, akawa mjane au akaachwa, kimya chake hakitoshi. Yeye hutakiwa atamke kwa ulimi. Walioitunga kanuni hiyo walijua kwamba vimya havilingani, na kwamba kabla ya kukihesabu kimya cha mtu yakupasa ujue ni cha nani na kimetoka wapi.

Hicho ndicho kipimo ninachokitaka. Kimya ni ridhaa iwapo mtu ameulizwa, amelielewa lile aliloulizwa, na angeweza kusema hapana pasipo kuangamizwa kwa ajili ya kusema hivyo. Sasa tuipeleke mizani hii mikutanoni.

Juu ya kuulizwa, historia ya shirika hilo ina kurasa zisizopendeza. Mawaziri walipokutana Seattle, Marekani, kuanzia tarehe 30 Novemba 1999, mambo mazito yalizungumzwa na nchi chache zilizoalikwa katika vikao vya faragha. Vikao vya namna hiyo huitwa Chumba cha Kijani, kwa jina la rangi ya chumba cha mikutano cha mkuu wa shirika kule Geneva. Mawaziri wa Afrika walibaki nje wakingoja kuletewa karatasi iliyokwisha kupikwa. Tarehe 2 Desemba wakatoa tamko la pamoja kwamba mkutano hauendeshwi kwa uwazi, kwamba Afrika imewekwa kando katika mambo yanayohusu maisha ya watu wake, na kwamba kwa hali ile hawataweza kuingia katika makubaliano ya wote. Siku ya pili yake mkutano ulivunjika. Zilikuwako sababu nyingine za kuvunjika kwake, maana mataifa makubwa nayo hayakupatana, na mitaa ya mji ilijaa waandamanaji. Hata hivyo tamko lile lina uzito wake: watu waliotegemewa kunyamaza walitangaza mapema kwamba safari hii kimya chao kisichukuliwe kuwa ni ridhaa.

Miaka 16 baadaye mkutano ulifika kwetu. Tarehe 15 Desemba 2015 mawaziri walikutana Nairobi, katika Jumba la Mikutano ya Kimataifa la Kenyatta, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mkutano huo kufanyika katika bara la Afrika. Mwenyekiti alikuwa Bi. Amina Mohamed, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa Kenya wakati ule, mtu aliyekwisha kuiwakilisha nchi hii Geneva kwa miaka mingi. Ulipangwa kumalizika tarehe 18, ukaendelea hata tarehe 19. Matunda yake si ya kubezwa. Nchi tajiri zilikubali kuacha mara moja ruzuku nyingi za kuuzia mazao nje, zile zilizofanya mazao ya wakulima wao yauzwe katika masoko ya wengine kwa bei ambayo mkulima wa Busia au wa Bobo-Dioulasso hawezi kushindana nayo. Nchi zinazoendelea zilipewa muda mrefu zaidi. Juu ya pamba pia palikatwa shauri, ambalo Benin, Burkina Faso, Chad na Mali walikuwa wakilidai tangu mwaka 2003.

Lakini katika saa za mwisho kabisa waliofungiwa chumbani kuyasawazisha maneno walikuwa watano tu: Marekani, Umoja wa Ulaya, China, India na Brazil. Shirika lilikuwa na wanachama 162. Wengine walikaa wakingoja, baadhi yao wamesinzia vitini, kisha wakaletewa maandiko. Hapana aliyeinua kibao.

Msomaji, nisaidie kuipima hali hii, maana mimi naiona ni ngumu. Jambo lililokubaliwa lilikuwa jema kwa wakulima wa nchi maskini. Je, wema wake waosha njia iliyolileta? Wapo wasemao kwamba watu 162 hawawezi kuandika sentensi moja, na kwamba lazima wachache waandike na wengi waidhinishe. Neno hilo ni la kweli. Hata kamati ya shule haiandiki barua ikiwa watu wote wameshika kalamu. Lakini barua ya kamati huandikwa na aliyechaguliwa na kamati. Wale watano hawakuchaguliwa na wenzao. Walikuwamo kwa sababu ni wakubwa. Kwa maoni yangu jema lililopatikana Nairobi ni jema, na ningelipokea. Ila sitaki liitwe makubaliano ya watu 162, kwa kuwa jina hilo huficha jambo ambalo mara nyingine, shauri likiwa baya, litatudhuru kwa njia ileile.

Juu ya kuweza kusema hapana pasipo kuangamizwa, mfano ulio karibu nasi ni wa maua. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ikizungumza na Umoja wa Ulaya juu ya Mapatano ya Ushirikiano wa Kiuchumi, na siku ya mwisho iliyowekwa ilikuwa 1 Oktoba 2014. Siku hiyo ilipita mambo hayajaisha. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi hazikupata hasara kubwa, kwa kuwa zilihesabiwa miongoni mwa nchi maskini kabisa, ambazo bidhaa zake huingia Ulaya bila ushuru. Kenya haikuwamo katika hesabu hiyo. Maua yake yakatozwa ushuru tangu siku ile hata karibu na mwisho wa Desemba, mazungumzo yalipokwisha kukamilika. Haikosi wale waliokuwa wakikata maua katika mabanda ya Naivasha miezi ile walijiuliza kama kazi ingalikuwapo mwezi ujao. Sasa mwambie mjumbe wa Kenya aliyeketi mbele ya wenzake wa Ulaya kwamba ana uhuru kamili wa kukataa. Uhuru anao; ila kila neno lake lina watu nyuma yake wanaosubiri mshahara.

Najua utaniambia kwamba kila mapatano yana shida nyuma yake. Anunuaye mahindi wakati wa njaa naye hana hiari nyingi, na bado twasema amenunua. Ni kweli. Lakini sote twamjua mtu aliyeuza kwa haki wakati wa njaa, na twamjua aliyeuza kwa kukamua, na hatuwaweki sawa kwa kuwa tu wote wawili walilipwa.

Hata hivyo nisiwatwike wakubwa mzigo wote. Kiko kimya cha mjumbe ambacho hakikutokana na dhuluma ya mtu yeyote, bali na uvivu wake. Mjumbe ambaye hakusoma karatasi alizopewa, aliyeona safari ni zawadi, au anayejua jina la hoteli kuliko jina la shauri, huyo akinyamaza amewanyamazisha watu wake wote. Mwanafunzi akizembea hudhuru matokeo yake mwenyewe. Mjumbe akizembea hudhuru watu ambao hata hawakujua kwamba alisafiri, na kwangu mimi hilo ni kosa baya kuliko la mwizi wa mfukoni, ambaye angalau humnyang'anya mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Na kwamba udogo si sababu ya kutosha ya kunyamaza, dawa ndizo shahidi. Karibu na mwaka 2000, dawa za kutuliza UKIMWI ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mwezi Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilisema yaweza kuziuza kwa dola 350 kwa shirika la madaktari la Médecins Sans Frontières. Lakini mapatano ya shirika la biashara juu ya haki za wavumbuzi, ambayo nchi nyingi maskini ziliyapokea pamoja na mengine mwaka 1994, yalifanya serikali zihofu kushtakiwa zikinunua dawa za namna hiyo. Wajumbe wa Afrika waliokuwa Geneva hawakuwa wengi. Walifanya neno moja la busara: waliacha kuhudhuria kila mmoja kwa nafsi yake, wakasema kwa sauti moja kama Kundi la Afrika, wakashirikiana na Brazil, India na wengineo. Mawaziri walipokutana Doha, tarehe 14 Novemba 2001, lilitolewa tamko kwamba mapatano yale hayazuii wala hayapaswi kuzuia nchi kuilinda afya ya watu wake. Mwaka huohuo Bunge la Kenya lilikwisha kupitisha Sheria ya Mali ya Viwanda, iliyofungua mlango wa kuleta dawa hizo kwa bei nafuu.

Limebaki jambo moja, nalo latuhusu sisi tusiokwenda Geneva. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 2, yasema kwamba mkataba wowote uliothibitishwa na Kenya ni sehemu ya sheria za Kenya. Maana yake ni kwamba kimya cha mjumbe katika mji wa mbali chaweza kurudi nyumbani kikiwa ni sheria juu yako na juu yangu. Nasi je, tuliulizwa?

Wapo waliolichukua swali hili mahakamani. Mwaka 2007 wakulima wadogo wa Kenya waliishtaki serikali katika Mahakama Kuu juu ya yale Mapatano ya Ushirikiano wa Kiuchumi na Ulaya niliyoyataja, wakisema kwamba yangehatarisha riziki yao, na kwamba mazungumzo yaliendeshwa bila wao kushirikishwa. Hukumu ilitolewa mwezi Oktoba 2013. Mahakama haikuyafuta mazungumzo, lakini iliiagiza serikali iweke njia ya kuwashirikisha wanaohusika, wakulima wadogo wakiwamo, na kuwapa wananchi habari. Kesi hiyo ilichukua miaka 6, na muda wote huo wajumbe walikuwa wakiendelea kukutana.